Mita Kumi za Boti Kubwa

Jumanne saa mbili asubuhi, Mama Msasa alitandaza gunia chini ya boti mbili za tanga zilizoegemezwa kwenye nguzo, akapiga magoti, akaomba. Ombi lake lilikuwa fupi na halikubadilika kwa miaka kumi na tisa: nionyeshe kilichopo, si ninachokitaka. Kisha akavuta futi.

Boti zote mbili zilikuwa kuukuu, zote za faiba. Ndogo ilikuwa na mita saba na sentimita kumi. Kubwa ilikuwa na mita kumi na sentimita ishirini. Kamati ya zahanati ilitaka moja ya kuwavusha wajawazito kutoka kisiwani, na ilimwomba yeye, fundi wa boti, aseme ipi.

Moyo wake ulikuwa kwa kubwa. Mwaka uliopita mdogo wake, mkunga wa zahanati, alivuka na boti ya kuazima ambamo mgonjwa mmoja tu ndiye angeweza kulala. Akakuta wawili wana uchungu, akamchukua mmoja. Habari za yule wa pili hakuzisimulia tena. Kubwa ingelaza wawili bila taabu.

Aligonga ubavu wa ndogo kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri, sikio karibu. Ko, ko, ko. Karibu na usukani sauti ikawa bu, kama mtu anayegonga boga. Faiba ilikuwa imenywa maji, mahali pa ukubwa wa sahani. Akazungushia chaki. Kazi ya siku tatu, basi.

Alikuwa anahamia kwenye kubwa, mwenye boti hiyo alipofika. Huyu alikuwa shemeji wa mwenyekiti wa kamati, na watu wa gatini walimwita Bwana Asali.

"Shikamoo, fundi. Umekiona chombo? Hicho hakijawahi hata kukwaruzwa."

"Marahaba," alisema Mama Msasa, na nguzo ya mbele ikaanguka. Omo, ncha ya mbele ya boti, ilikuwa imerudi nyuma ikaiacha. Akapima tena: mita tisa na sentimita themanini.

"Imepungua."

"Za zamani zina tabia hiyo," alisema Bwana Asali. "Lakini rangi hii, mama, ndiyo ile ile ya kiwandani."

Mita tisa na nusu.

"Baba, nakuomba unyamaze kidogo nimalize kupima."

"Mimi na kunyamaza wapi na wapi? Ina mwenyewe mmoja tu tangu izaliwe, na ndiye huyu unayemwona."

Mita nane na sentimita tisini. Mama Msasa akagonga. Katikati, chini ya rangi, palikuwa na mshono ulioizunguka boti nzima kama mkanda. Ilikuwa imewahi kukatika vipande viwili. Hilo halikumtisha, yeye mwenyewe alishaunga boti tatu za namna hiyo, na bado zinaelea.

Mchana mkunga alifika na mwenyekiti. Mama Msasa alimweleza habari ya mshono na ya kupungua, naye hakuuliza maswali mengi. Aliingia chumbani mwa boti kubwa akajilaza upande mmoja, dada yake akajilaza upande wa pili. Walitosha, kwa kukunja vidole vya miguu.

"Mwenyekiti," aliita mkunga akiwa amelala pale pale, "bado inatosha. Mwambie shemeji yako aungame habari ya mshono, labda itarudi. Au nyamazeni wote tuichukue hivi hivi."

Mwenyekiti aliinama mlangoni kwa upole. "Dada yangu, mshono gani? Hakuna mshono hapa."

Ukuta ukawasukuma nyayo. Wakatoka kwa magoti.

Alasiri yote Mama Msasa alibaki peke yake na boti, akiisemea kweli. Ulikatika. Uliungwa. Umebadilishwa rangi. Aliendelea mpaka koo likakauka. Boti haikurefuka hata unywele, kwa sababu uongo haukuwa wake.

Basi akaandika ripoti. Ndogo ina doa moja, linatibika. Kubwa ilikatika, na inazidi kupungua. Anayeitaka, kwanza walioisemea uongo waseme kweli. Kila kipimo alikiandika kwa tarakimu na kwa maneno.

Siku ya kikao mwenyekiti aliisoma ripoti yote kwa sauti nzuri, akamshukuru fundi. Kisha akasema hati ya boti ina muhuri, na muhuri unasema mita kumi. Mikono sita ikainuka. Wa saba, wa mkunga, ulibaki mapajani.

"Sahihi yangu siweki," alisema Mama Msasa.

"Si lazima, mama. Usichoke bure."

Siku ya kuishusha majini kulikuwa na hotuba nne. Boti iliingia majini ikiwa na mita nne na kitu. Mlingoti hakuna aliyeusemea uongo wowote, hivyo ulibaki na urefu wake wote, na chombo kikawa kinataka kupinduka. Mama Msasa alivua viatu, akaingia majini na msumeno, akaukata.

Jumatatu kisiwani walikuwepo wawili tena. Mkunga alimpakia wa kwanza, magoti kidevuni, akamwambia wa pili, "Nakuja. Nakuja, mama, unisikie." Wakavuka, dada mtu akiwa kwenye usukani, wakarudi kumchukua. Wa pili alijifungua njiani akiwa amechuchumaa, maana pa kulala hapakuwepo. Mtoto alilia vizuri. Mkunga alimfuta kwa kanga yake, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaendelea kuyakumba maji ya botini kwa ndoo.

Gatini palikuwa na daftari la safari lenye maneno yaliyokwisha kuchapwa: wagonjwa waliovushwa wamelala, wawili. Mkunga akalikata neno la mwisho, akaandika juu yake: hakuna.

Asubuhi iliyofuata ukurasa ule ulikuwa umetolewa, mwingine safi, wenye neno lile lile, umewekwa mahali pake, na boti ilikuwa imepungua shubiri moja. Mkunga aliitazama. Akahamishia ndoo upande wa nyuma, akamwachia dada yake nafasi ya kuketi, akafungua kamba.