Zabibu za Mzee Bartolomayo

Edina alikuwa mtu wa kunawa. Wenzake wa maabara ya hospitali, pale Dodoma mjini, walimtania kwamba siku akiolewa atamnawisha bwana harusi kwanza. Ndiyo maana hata yeye hakujua ni shetani gani aliyempitia siku ile mgonjwa wao, Mzee Bartolomayo, alipomletea zabibu za shambani kwake Buigiri. Alizila kwenye chumba cha nje, pamoja na ule ungaunga mweupe wa maganda yake, akajifutia vidole kwenye koti, akaingia maabara na koti hilohilo kulisha seli za mzee.

Seli hizo zilitoka kwenye uvimbe uliokatwa utumboni mwake. Edina alikuwa akiziotesha kwenye chupa ili ajue kwa nini saratani nyingine hutulia ilipo na nyingine huhama. Ya mzee ilikwisha kuhama, iko kwenye ini.

Jumatatu chupa zote zilikuwa zimechafuka kama togwa. Chachu ya ule ungaunga wa zabibu imeingia, imekula chakula chote, na seli zimekufa. Edina alizimwaga, akanyamaza. Aliona haya kumwambia mkuu wake, Daktari Ludovick, na kadiri alivyonyamaza ndivyo haya ilivyonenepa.

Mzee alipokuja kliniki aliuliza kama mkulima anavyouliza.

"Ile mbegu yangu imeota?"

"Imeota, babu."

Ulimi hauna mfupa. Mzee alicheka, akaenda kumsimulia mkewe.

Mvua zilipokwisha akarudi, amekonda, macho yamekuwa ya njano. Edina alimkuta kitandani, shati limepandishwa kifuani, Daktari Ludovick akiandaa sindano ndefu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Daktari anaomba kipande cha ini, mkilinganishe na kile cha kwanza. Haitaniponya, kaniambia wazi. Na sindano hizi naziogopa. Ila nimewaza, kama mbegu ya kwanza ipo hai, nikiwanyima ya pili nitakuwa nimelima bure."

Daktari alimpaka dawa ubavuni. Mzee akafumba macho, akashika chuma cha kitanda. Edina aliutazama ule mkono mkavu ukikaza, akaona kwamba sasa uongo wake unakwenda kumchoma mtu.

"Daktari, usimchome," alisema. "Ya kwanza haipo. Nilikula zabibu, sikunawa, nikaingia hivyohivyo. Chachu ikaziua zote. Nikawaficha, na mzee nikamdanganya."

Daktari Ludovick aliirudisha sindano kwenye sinia. Hakugomba. Alimtazama tu kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na Edina aliona heri angegombezwa mbele ya wodi nzima.

Mzee alifumbua macho.

"Zabibu zipi? Zile zangu?"

"Ndiyo, babu."

Mzee alijiinua kwa kiwiko.

"Sikuziosha," alisema. "Sisi tunakula hukohuko shambani, hatuoshi. Sikujua." Akanyoosha mkono, akamshika Edina kiganja. "Unisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi."

Matusi Edina alikuwa amejiandaa kuyapokea. Hili hakujiandaa nalo. Alitaka kusema kosa si la mzee. Badala yake aliinama kumfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, kwa vidole vilevile, wala hakuthubutu kumtazama usoni.