Dundu wa Shehnaz

Kamili alitumia miezi mingi kumfundisha mchimbaji wake kuruka. Alimpa buti, kofia ngumu yenye taa, na uzito wa mtu wa kweli, kwa kuwa wajomba zake wa Runzewe walikuwa wachimbaji na hakuna aliyepata kuwaona wakielea kama karatasi. Kwenye gemu ya simu waliyokuwa wakiitengeneza yeye na Shehnaz, mchimbaji aliruka kutoka timba moja hadi jingine, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo la dhahabu. Akikosea, alianguka kama mtu anavyoanguka.

Dundu, Shehnaz alimchora mchana mmoja huku akitafuna karanga. Alikuwa adui wa hatua ya tatu: mweusi, mnene, anatembea kinyumenyume akisukuma donge la udongo kwa miguu ya nyuma. Akifika ukingoni anasimama, anainua vipapasio, anapima hewa, kisha anageuka. Ukimrukia mapema anajisogeza kando, wewe unatua patupu.

Kila Jumamosi wanafunzi wa sekondari ya Ngokolo walipanda juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Velji, baba yake Shehnaz, kuijaribu gemu. Hakuna aliyetaja kuruka.

"Dada Shehnaz, dundu wako ana dharau," alisema Bhoke wa kidato cha pili. "Ananipisha kama shangazi aliyenuna."

"Na mchimbaji je?" aliuliza Kamili.

"Yupo, kaka. Si ndiye ninayemwendesha?"

Wakacheka wote. Kicheko cha Kamili kilichelewa kidogo.

Kisha ikaja habari kwamba Evelina, mnunuzi wa gemu za simu kutoka Dar es Salaam, angefika Alhamisi. Gemu ingehitaji picha moja ya mbele.

"Baba anasema tumweke dundu," Shehnaz alisema. "Wewe unaonaje?"

"Tumngoje mgeni."

Jumatano, Shehnaz akiwa chini dukani, Kamili alifungua programu akafuta amri ya kusimama ukingoni. Haikuwa kazi kubwa. Sasa dundu alirudi nyuma mpaka mwisho wa timba, akatumbukia na donge lake, akafa kabla mchimbaji hajamfikia. Adui anayejiua mwenyewe hawekwi mbele ya gemu yoyote. Kamili aliipitia hoja hiyo mara mbili, akaona haina kasoro.

Alhamisi Bhoke ndiye aliyecheza mbele ya mgeni. Dundu akatumbukia. Evelina akakunja uso.

"Jamani, anakufa bure," alisema Bhoke, akarudia hatua. Safari hii hakuruka hata kidogo. Alimteremsha mchimbaji ndani ya pengo kati ya timba mbili, akamsimamisha juu ya jiwe, kofia ikalingana na timba. Dundu akaja kinyumenyume. Donge likapita juu ya taa, miguu ikafuata, akavuka.

"Pita, shangazi," Bhoke akamwambia.

Evelina alicheka hadi akavua miwani. "Adui unayembeba kichwani. Hii sijaiona popote. Wazo la nani?"

Walioweza kuigusa programu ile ni watu wawili tu, na Shehnaz alijua kwamba yeye hakuigusa. Alimgeukia mwenzake.

"Kamili ndiye aliyembadilisha," alisema. "Mimi nilimchora tu."

"Kumbe kaka naye anampenda dundu," alisema Bhoke.

Evelina alinyoosha mkono. Kamili angeweza kuikataa sifa hiyo kwa njia moja tu, nayo ni kueleza alichokusudia. Akaupokea mkono.

Picha ya mbele walikubaliana palepale: dundu katikati, mzima, na donge lake, chini yake kofia na taa. Uso wa mchimbaji haukuonekana.

"Ila dundu anateleza kidogo pale juu," Evelina aliongeza. "Kofia haiwezi kuwa bapa?"

Shehnaz alimvutia Kamili kiti mbele ya kompyuta. "Fanya wewe. Mchimbaji ni wako."

Kamili akaketi, akaanza kuibapisha kofia.