Kadi ya Esekon

Wanaosema nilimwangamiza Kuany hawajawahi kufundisha mpira wa kikapu Lodwar. Wajaribu kwanza. Uwanja wa kokoto, mipira miwili, na vijana ambao mvua ikinyesha tu wanakumbuka kwamba wana mbuzi.

Timu yangu ilipigwa na kila mtu mpaka mwaka 1995, nilipomwona Kuany kambini Kakuma. Mnuer kutoka kusini mwa Sudan, wa miaka kumi na tisa, mrefu wa kuinama mlangoni mwa kanisa. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila pasi, na chama cha taifa kilisajili wenye kitambulisho tu. Basi nikamsajili kwa jina na kitambulisho cha Esekon, mtoto wa ndugu yangu, aliyekuwa akichunga ngamia Lokitaung na ambaye angeuona mpira angedhani ni kibuyu. Nani Nairobi angejisumbua kukagua picha ya mtu wa Turkana?

Misimu miwili "Esekon" alifunga mpaka waamuzi wakachoka kuandika. Tukabeba kombe, nikapigwa picha nalo. Napenda sifa, sikatai.

Mwaka 1997 akaja wakala kutoka Ulaya, Mzungu aliyeiva kwa jua, akitafuta vijana warefu. Alimwona Kuany akicheza kambini, Kuany akamtajia jina langu, naye akaniita Kakuma. Tukaketi nje ya ofisi ya shirika moja, Kuany katikati yetu, magoti yamemfika kifuani.

Wakala akaeleza ligi yao. Mahakama ya Ulaya ilikuwa imewafungulia milango wachezaji wa nchi zao wenyewe, lakini wa kutoka nje klabu iliruhusiwa wawili tu. Klabu yake ilibakiza nafasi moja, na usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa.

"Imebaki barua ya ruhusa," akasema. "Ligi haimpokei mtu bila barua ya chama cha nchi alikochezea. Nairobi wamenijibu kwa faksi kwamba Kuany hayumo kwenye daftari lao. Bila wao, lazima tuwaombe Khartoum."

"Khartoum walichoma nyumba yetu," Kuany akasema. "Sasa wao ndio wanipe barua?" Akanigeukia. "Mwalimu, sema tu. Sema yule Esekon ni mimi."

Wakala akanikazia macho. "Alichezea timu yako? Kwa jina lolote? Andika, utie sahihi. Nairobi wamesema watarekebisha."

Mstari mmoja tu. Lakini kwa mstari huo chama kingenifungia maisha, kombe lingerudishwa, na kocha wa Kitale angenicheka mpaka mbavu zimuume. Niliona aibu kabla haijafika, nikakasirika, na hasira yote nikamshushia Kuany, ambaye hakunikosea kitu.

"Simjui huyu," nikasema. "Hawa wa kambini watasema lolote ili waondoke."

Wakala akafunga faili lake. Kuany hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Mwalimu," akasema polepole, "mimi nilikula kwako. Mkeo, Mama Nakaale, alinipikia. Hunijui?"

Nikatazama viatu vyangu. Kisha nikapanda basi kurudi Lodwar. Nafasi ile, nilisikia baadaye, alipewa Mmarekani mwenye goti bovu.

Mwaka uliofuata, wiki ya kombe, nilituma mtu Kakuma kumwita. Nilijua atakuja, maana hakukuwa na timu nyingine ya kumchezesha. Akaja, amekonda, akaketi pembeni akifunga kamba za viatu.

"Ejok, Kuany," nikamsalimu. Akakaza fundo. Nilitaka kumwomba radhi, naapa nilitaka.

"Kuany," nikarudia. Hakuinua hata kichwa.

Mwamuzi akaanza kusoma kadi za wachezaji.

"Esekon?"

"Niko," akajibu, akasimama, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Tulishinda kwa pointi ishirini.