Kijani Nani?

Karakana yetu hutengeneza visanduku vya kukuza mawimbi ya redio. Sitini na vinne hupangwa kwenye kabati moja, nguvu zake zikaunganishwa, na mawimbi hayo huenda kusukuma umeme ndani ya gesi iliyopashwa moto kupita kiasi, katika mtambo wa majaribio jengo la pili. Zamani kazi hiyo ya kukuza mawimbi ilifanywa na bomba moja kubwa la kioo. Likifa, mnachukua mikoba mnakwenda nyumbani.

Mafundi tulikuwa wawili, mimi na shangazi yangu aliyenifundisha kazi. Kila kisanduku ulichokifunga ulikitia tone la rangi ya kucha: yeye nyekundu, mimi kijani. Injinia alishasema kabati la pili litahitaji fundi mmoja tu, na atamchagua siku ya kulijaribu la kwanza. Nilitaka achaguliwe shangazi. Bila karakana angekaa kitandani akihesabu maumivu.

Lakini macho yake yalishaingia ukungu. Grisi ya kupitisha joto chini ya transista aliijaza huku, kule hamna. Basi wiki nzima, akienda kula, nilifungua visanduku vyake na kuvirudia kimyakimya. Vyangu vya mwisho nikavifunga mbiombio.

Siku ya jaribio kabati likawaka vizuri. Baada ya dakika tatu kisanduku kimoja kikazimika. Sitini na vitatu vikaendelea na kazi bila hata kushtuka. Injinia alifurahi, ila alikifungua kile kilichokufa. Transista imeungua, grisi hamna hata chembe. Tone la kijani.

"Kijani nani?" akauliza.

Nilishafungua mdomo.

"Mimi," shangazi akasema. "Macho haya, baba, yamenishinda."

"Basi upumzike, mama," injinia akasema, kwa upole kabisa.

Kwenye korido nikamshika mkono. "Shangazi, narudi kumwambia."

"Unarudi wapi? Skrubu zangu huwa namalizia kwa kidole tu. Jumatatu nimezikuta zimebanwa kama geti la benki. Nilisema kitu?"

"Hukusema."

"Nimenyamaza wiki nzima. Na wewe nyamaza." Akanitia mfukoni kichupa chake cha rangi nyekundu. "Utakihitaji. Kijani sasa ni mimi."

Niliona haya.

Kabati la pili nimelifunga peke yangu. Visanduku sitini na vinne, kila kimoja na tone jekundu.