Tundu Kwenye Kona

Oundo alikuwa ametunza unga wa mawe ya chokaa miaka mingi katika ghala moja la Voi, lakini funguo alikabidhiwa Shanice, msichana wa kijiji cha Mghange aliyetoka chuoni juzi.

"Mzee Oundo, magunia yasiguse sakafu," alisema siku ya kwanza. "Tuyapange juu ya mbao. Na tukifagia tuvae barakoa, vumbi hili linakaa kifuani."

"Sawa, madam. Tuyatandikie na godoro?"

Wapakiaji wakacheka. Shanice naye akacheka, na hilo ndilo lililomchoma Oundo zaidi.

Unga ule hauna sumu. Adui yake ni maji, kwani ukilowa huganda. Oundo alijua kwamba paa lilikuwa na tundu kwenye kona ya nyuma. Shanice alipoanza kupanga magunia pale pale, Oundo alifumba mdomo. Mvua na imfundishe.

Mvua ikanyesha. Asubuhi meneja aliyakuta magunia ya kona yamelowa, unga umeganda mabonge. Oundo akasogea karibu, asikose neno.

"Kosa ni langu," Shanice alisema. "Mzee Oundo analijua ghala hili kuliko mimi, nami sikumuuliza."

Meneja akamtazama msichana kwa heshima ambayo Oundo hakuwahi kuipata kwake. Kisha akageuka.

"Mzee, tundu hilo ulilijua?"

Oundo akainua macho juu, kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Hapana," akajibu, na hapo akapoteza kitu pekee alichomzidi Shanice: kulijua ghala.