Honi Kabla ya Mlio

Mama alisema hawezi kulipa nauli ili akateleze.

"Nimeshateleza bure hapahapa Toronto, pale kituo cha basi cha Lawrence," alisema, akiinua mkono wake wa kushoto ambao tangu siku ile haunyooki vizuri. "Bure kabisa, na watu wakasimama kunitazama. Sasa nipande ndege mpaka Ulaya nikateleze mbele ya wazungu?"

"Mama, ule ni mchezo. Unavaa mbao miguuni."

"Eh! Mbao tena. Ili nisiweze hata kukimbia."

Mdogo wangu Aurore alicheka mpaka akaweka uma chini. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, na kompyuta yangu ilikuwa imekaa katikati ya meza, kati ya sufuria ya sombe ya majani ya muhogo na sahani ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Safari nilikuwa nimeipanga mwenyewe. Ndege, treni, basi la kupanda mlimani, nguo za baridi za kuazima, vyote nilivitafuta bila kumuuliza mtu. Mimi nikianza jambo nalimaliza, na asiyetaka akae pembeni.

Tulikuwa tunakwenda kwa Mjomba Déogratias, mdogo wake Mama, tumbo moja. Tuliachana naye kwenye kambi ya wakimbizi nikiwa mtoto. Sisi tulipata Kanada, yeye baadaye akapata Ufaransa, na tangu hapo Mama humwona ndugu yake kwenye kioo cha simu tu, akimuuliza amekula nini. Sasa Mjomba alikuwa anafanya kazi katika kijiji cha watalii kwenye milima ya Alpi, mahali watu wanapokwenda na watoto wao kucheza kwenye theluji. Bosi wake alikuwa amekubali kutupa nyumba ya vyumba viwili wakati wa likizo ya shule ya mwezi wa tatu. Sharti lilikuwa moja: tuthibitishe ifikapo Ijumaa, kwa sababu nyumba za huko zinagombaniwa.

Mama aliogopa ndege. Aliogopa viti vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani. Aliogopa mbwa wakubwa wa huko aliowaona kwenye picha. Mimi nilimjibu moja moja, kwa sauti kubwa kidogo, kama ninavyojibu siku zote. Katika nyumba hii mwoga ni mmoja, nilikuwa nimekwisha kuamua hivyo zamani, na huyo mmoja anatosha.

Nikamwonyesha picha ya nyumba yenyewe. Mama akaisogelea.

"Imeegemea mlima," alisema.

"Ndiyo, nyumba zote za huko ziko hivyo."

"Kama ile yetu ya Uvira."

Nikaifunga picha. Aurore amezaliwa Toronto, na mambo ya Uvira, kule Kongo tulikokimbia vita, hatuyazungumzi mezani.

"Ngojeni," nikasema, "Mjomba ametuma video ya asubuhi yao. Tuone kulivyo kuzuri."

Kweli kulikuwa kuzuri. Mlima mweupe, anga ya buluu, moshi mwembamba juu ya paa. Sauti ya Mjomba, ambaye humwita Mama yaya, yaani dada mkubwa, ikasema, "Yaya Médiatrice, ona kwetu leo." Kisha honi ikalia mahali fulani, ndefu, kama ya lori. Mjomba akasema, "Sasa msishtuke, ni ile kazi ya—"

Mlima ukalipuka.

Huo mlio siwezi kuuandika. Kwanza ulikuja mzito, kifuani kabla ya masikioni, halafu ukazunguka mabonde na kurudi. Niliposikia tena vizuri nilikuwa chini ya meza. Nilikuwa nimemshika Aurore mkono, nimemvuta, nimemlalia. Wali ulikuwa kwenye nywele zake. Alikuwa anacheka, akidhani ni utani, akinipiga begani na kusema kwa Kiingereza kwamba ninamuumiza. Ndipo akaniona uso, akaacha kucheka.

Juu yetu video ilikuwa inaendelea. Mjomba alikuwa anaeleza kwa furaha kwamba theluji ikijaa huko juu huweza kuporomoka na kufunika watu, kwa hiyo kila asubuhi baada ya theluji kubwa wanaiangusha wenyewe kwa baruti, mapema, kabla wageni hawajapanda. Ni usalama tu.

Nilitoka chini ya meza. Mama alikuwa ameketi vilevile, mwiko mkononi. Hakuwa anatazama kompyuta. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kijiko kilianguka," nikasema.

"Ndiyo," akasema Mama. "Okota."

Nikainama tena kuokota kijiko ambacho hakikuwapo.

Nataka nieleweke: sikuwa nimeogopa. Nilishtuka, na mtu yeyote hushtuka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia Jumatatu ndani ya basi la kwenda Malton, ninakofanya kazi katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Lakini mlango wa basi ulipojifunga kwa kishindo nilikuwa nimekwisha kusimama, na mwanamke aliyekaa karibu yangu akavuta mkoba wake.

Ghalani tunavaa viziba masikio vikubwa kwa sababu ya kelele. Wenzangu huvivua wakati wa kula. Mimi sivivui. Rehan, tunayefanya naye zamu moja, hunitania kila siku.

"DJ, leo unatupigia wimbo gani?"

Siku zote namjibu kwa tusi zuri. Siku hiyo sikumjibu. Nyuma yake mtu alikuwa ameangusha mzigo kutoka kwenye mashine ya kunyanyulia, nami nilikuwa nimejibana ukutani, mgongo umelowa, nikitafuta mlango kwa macho. Na nilichokuwa nakiona hakikuwa ghala. Nilikuwa naona alfajiri, na Baba akivaa shati. Mlio wa kwanza ulikuwa umetoka mlimani nyuma ya nyumba, na Baba akasema ngoja nitazame. Alisema kwa upole, kama mtu anayekwenda kutazama mvua. Akafungua mlango. Halafu mlio wa pili.

"We Brice, uko sawa?" Rehan aliuliza. Alikuwa amesogea karibu, lakini hakunigusa. Nashukuru hakunigusa.

"Niko sawa. Ondoka mbele yangu."

Kuanzia hapo hofu ilikaa nami. Ilinisubiri kwenye ngazi za jengo letu, pale mtu akifunga pipa la taka. Ilikaa kwenye kibaniko cha mkate, kinaporusha mkate juu. Nikifumba macho niliona ile nyumba iliyoegemea mlima, na ndani yake Mama, Aurore na mimi, na kulikuwa alfajiri, na mimi nikiwa mwanamume wa nyumba ndiye ninayepaswa kuinuka na kusema ngoja nitazame. Tatizo lilikuwa hapo. Ningelala chini ya kitanda mbele ya mdogo wangu, au ningefungua mlango. Sikujua kipi ni kibaya zaidi.

Jumatano, wakati wa mapumziko, nilitoka nje ya ghala nikampigia Mjomba. Ndege ilipita juu yangu nikasubiri ipite.

"Mjomba, safari haitawezekana."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Ni Mama. Ile milio ya baruti. Unajua alivyo. Hawezi."



"Mimi ni mjinga," akasema. "Nimewatumia ile video bila kufikiri. Nilitaka muone mlima tu. Basi. Nitamwambia bosi aitoe nyumba. Mwambie yaya asijisumbue, namwelewa. Nani atamwelewa kama si mimi?"

Nikarudi ndani. Nilitegemea kujisikia mwepesi. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyejificha nyuma ya mama yake na kumsukuma mbele.

Alhamisi jioni nilimkuta Mama jikoni, koti na viatu vya theluji bado mwilini, maji yanachuruzika sakafuni. Mama hafanyi hivyo. Mama huvua viatu mlangoni hata kama nyumba inaungua. Alikuwa ametoka kwenye ile nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwahudumia.

"Brice. Mimi nimekataa lini?"

"Kukataa nini?"

"Usinifanye mtoto. Déo amenipigia simu kazini. Analia. Mwanamume mzima, mvi kichwani, analia na kuniomba msamaha kwa kunitisha. Nikamuuliza nani ametishika? Akasema Brice kaniambia. Sasa nakuuliza wewe, nimekataa lini?"

"Jumapili ulisema hulipi nauli ukateleze."

"Kelele zangu unazijua! Mimi nalalamika kwa kila kitu. Nimelalamika nikipanda ndege ya kuja hapa, nikapanda. Nimelalamika nikijifunza Kiingereza, nikajifunza. Wewe ulishawahi kuona nikiacha jambo kwa sababu nimelilalamikia?"

Nikapandisha sauti.

"Mama, wewe hujui kulivyo! Kila asubuhi wanapiga! Nyumba iko chini ya mlima! Utaamka unapiga mayowe, Aurore atakuona, utamwambia nini?"

"Mimi nitaamka napiga mayowe?"

"Ndiyo!"

"Mimi, Brice?"

Friji ilikuwa inanguruma. Mama akaketi hatimaye, na koti lake.

"Nililala macho wazi usiku wote Jumapili ile," alisema kwa sauti ya chini. "Usidhani sikusikia. Nilisikia mpaka kwenye meno. Lakini sikuangalia mlima, niliangalia mtoto wangu. Papa wangu, mwanangu, wewe tangu ukiwa mdogo unalala viatu vikiwa kando ya kitanda, vimegeukia mlango. Mpaka leo. Nani unadhani huvigeuza anaposafisha, halafu anavirudisha ulivyovitaka?"

Nilitaka kutoka. Nilitaka kuvunja kitu. Nikasimama tu.

"Nataka kumwona mdogo wangu," Mama akasema. "Naogopa ndege, naogopa mbwa, naogopa mlio. Nitakwenda naogopa hivyohivyo. Lakini bila wewe siendi, na uongo sitaubeba. Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Akabonyeza namba ya Mjomba, akaweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Mjomba alipokea upesi kama mtu aliyekuwa amekaa nayo mkononi. Niliangalia maji yaliyotoka kwenye viatu vya Mama, yakitambaa kuelekea mguu wa meza.

"Mjomba. Si Mama."

"Si Mama nini?"

"Anayeogopa. Si yeye." Nimewahi kupigana na watu wawili kwa pamoja pale kituo cha basi, na ilikuwa rahisi kuliko hilo neno. "Ni mimi."

Nilisubiri anicheke. Nilikuwa tayari kumtukana, mjomba au si mjomba.

"Brice," akasema, "unajua kazi yangu ni nini hapa?"

"Unafagia theluji barabarani."

"Hiyo ni baadaye. Asubuhi mimi ndiye nafunga barabara na kupiga honi, kabla ya wale mafundi kulipua. Ile honi uliyoisikia ni ya mwenzetu, siku hiyo nilikuwa na zamu ya mchana. Mwaka wa kwanza, siku ya kwanza, nimeshika honi mwenyewe, nimepiga mwenyewe, najua kabisa kinachokuja. Mlima ukalia. Mwanangu, nilijikojolea pale barabarani. Suruali ya kazi, mpya. Ikaganda."

Mama akafunika mdomo. Sijui kama alikuwa anacheka.

"Na sasa?" nikauliza. "Sasa huogopi?"

"Naogopa. Lakini kule nyumbani hakuna aliyetupigia honi."

"Kati ya honi na mlio ni muda gani?"

Nilitaka aniambie ni mfupi. Nilitaka kitu cha kushika.

"Siwezi kukudanganya," akasema. "Siku nyingine ni mara moja. Siku nyingine baruti inakawia, unasimama, unasubiri, unadhani imekataa. Hiyo ndiyo mbaya. Nyumba bado sijaitoa, bosi yuko safarini mpaka kesho. Niseme nini?"

Mama akanisogezea simu. Aliniachia mimi.

"Sema tunakuja," nikasema, na moyo ukaanza kwenda mbio hapohapo, kama vile mtu amekwisha kufungua mlango.

Ijumaa, kabla ya kwenda kazini, nilithibitisha tiketi. Kisha nikamwita Aurore akae mezani, nikamweleza kidogo kuhusu alfajiri ile, kwa Kiswahili, polepole. Akajibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hafanyi: "Basi tutakaa pamoja." Mama alikuwa amesimama karibu na jiko, ameshika ukingo wake kwa mkono usionyooka.

Nikaweka kompyuta katikati. Nikavua viziba masikio, ambavyo sikukumbuka kuvivaa. Nikabonyeza.

"Yaya Médiatrice, ona kwetu leo."

Honi ikalia. Aurore akanishika mkono, au mimi nikamshika wake. Mlima ulikuwa mweupe, moshi mwembamba juu ya paa, na ulikuwa bado haujafanya kitu.