Sahani ya Watu Wawili

Fundi makochi alikuwa mtu wa kuchapa kazi. Kulala mchana aliwaachia wenye pensheni. Kwa hiyo mkewe alipoingia karakanani, kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba yao, akamkuta amejinyoosha kwenye kochi la mteja, mdomo wazi, nyundo kifuani, roho ilimruka. Alimtikisa mpaka kofia ikaanguka.

"Umekula sahani ipi?"

"Ya kijani," fundi alisema, ulimi mzito. "Ilikuwa imejaa vizuri."

"Ya kijani ni ya mwanao!"

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko, kile cha watu waliochoka. "Kumbe ndivyo anavyojisikia," fundi alisema. "Dawa yako hiyo inalaza ng'ombe!" Alisema kwa sauti kubwa, maana ndogo hakuwa nayo. Mtoto wao alikuwa amesimama mlangoni na vipande vya sponji mkononi.

Mtoto ni namna ya kusema tu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na ushee, ndevu zimejaa, aliyewahi kufundisha hesabu shuleni hadi alipoanza kusikia watu wakimsema chini ya sakafu. Daktari alimwandikia vidonge. Alivimeza kwa muda, akavitupa, akatoweka, akaja kuokotwa kando ya barabara, amepigwa na watu waliodhani ni mwizi. Tangu hapo mama yake alivisaga vidonge kwa mgongo wa kijiko na kuvikorogea kwenye mchuzi wake. Daktari hakuambiwa. Na kijana alitulia, jamani. Alimvutia baba yake vitambaa wakati wa kupigilia misumari, siku nyingine hata akipiga mluzi.

Sasa aliweka sponji chini, akaenda chumbani kwake, akajifungia.

Kuanzia hapo hakugusa chakula cha mama yake. Alikula ndizi alizomenya mwenyewe na mayai aliyochemsha mwenyewe, akiisimamia sufuria kama askari wa lindo. Akipewa vidonge waziwazi, alivitema. Alikonda, akaanza tena kubishana na sakafu. Mama akipita, alijibana ukutani. Lakini kijana hakumkimbia baba yake.

"Mimi na wewe ametutilia wote, Baba," alimwambia. "Tuko pamoja."

Fundi hakuwa na moyo wa kumsahihisha. Aliona aibu. Tena, Mungu amsamehe, aliona kwamba angalau mtu mmoja bado anaaminiwa.

Mkewe ndiye aliyetoa wazo. "Kuleni sahani moja. Akikuona wewe unakula, atakula."

"Nile dawa?"

"Unataka nikwambie nini, mume wangu? Wakimpiga tena, tutamzika."

Basi wakala sahani moja, baba na mwana, magoti yakigusana. Mama aliongeza vidonge ili fungu la kijana litoshe. Fundi alichota kwanza, akatafuna, akasifia chumvi. Kijana alimtazama koo mpaka alipomeza, kisha naye akachota. Jikoni mama alilia na kitambaa mdomoni.

Kijana akaanza kupata usingizi. Baba naye akawa anasinzia hata akiwa amesimama. Mishono ilikwenda kombo. Mteja mmoja alirudisha kiti akiuliza kama kimeshonwa na mlevi. "Uzee huo, bosi," fundi alicheka. Alikuwa anaogopa. Lakini akimwona mwanawe ameshika kitambaa upande wa pili, macho yametulia, alijiambia avumilie kidogo. Kidogo hicho hakikuwa na mwisho, na alijua.

Mchana mmoja alichota, mkono usifike kinywani. Alianguka kifudifudi juu ya sahani.

Alipopata fahamu alikuwa ameegemea kifua cha mwanawe. Kijana alikuwa anamfuta mchuzi usoni kwa shati lake, taratibu, huku analia. Mama alipiga magoti kando na kikombe cha maji.

"Usimsogelee!" kijana alifoka. "Baba, amka twende. Huyu anatumaliza."

"Twende wapi, mwanangu?"

"Popote. Ila niambie kwanza. Ni yeye tu anayetutilia, au na wewe ulijua?"

Fundi alijua akisema kweli, mwanawe atatoka mlango ule peke yake, bila hata mtu mmoja wa kumwamini. Alimtazama mkewe.

"Mwambie," mama alisema, sauti kavu. "Mwambie ni mimi. Wewe hukujua kitu."

"Ni yeye," fundi alisema. "Mimi sikujua."

Ulikuwa uongo mbaya kuliko wote aliowahi kusema, na alimwambia mtu aliyempenda, mbele ya mtu aliyempenda. Kijana alimwinua, akampitishia mkono kiunoni, wakaanza kutoka. Mama aliwawahi mlangoni na koti la mumewe.

"Chukua, nje kuna baridi."

Fundi alilipokea. Mfuko mmoja ulikuwa mzito, na alipoupapasa alilijua kopo la vidonge.

"Usiguse kitu chake," kijana alisema. Alisimama, akamtazama baba yake usoni, akasubiri.

Fundi akaliachia koti likaanguka, wakaenda.